Lakiri Mlangoni kwa Bibiane

Sehemu ya tisa

Mlioniandikia barua za matusi kwa sababu nilimwacha mjane na kisu mkononi na mkono wa mtu begani, shusheni pumzi kidogo. Mkono ule haukuwa wa askari.

Ulikuwa mkono wa Idrissa, mtetezi wake mahakamani.

Lakini Bibiane alikuwa hajageuka, kwa hiyo hakujua. Alichojua ni kwamba vidole vya mtu vimembana bega, saa mbili asubuhi, mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, mlango ambao sheria ilimkataza kuugusa. Kisu kikamponyoka. Kikaanguka barazani kwa kishindo. Akaegemea ukuta na kufumba macho, akingojea pingu.

“Weye mama, unatafuta kufa?”

Akafumbua macho. Suti ya kahawia, tai nyekundu, jasho usoni. Idrissa alikuwa mtu mfupi mwenye asili ya Kasongo. Hakuwa wakili wa shule, lakini kwa miaka ishirini alikuwa amesimama mahakamani kuwatetea wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

“Papa Idrissa, unisamehe...”

“Nikusamehe nini! Kuvunja scellés ni prison! Weye unaingia prison, na appel yetu inakufa palepale. Bertin anangojea tu kintu ya namna hii!”

Akainama kuzitazama hizo scellés, yaani lakiri, ule mhuri mwekundu wa nta uliounganisha utepe na mlango. Uso wake ukabadilika. Ukingoni, pale kisu kilipopita, palikuwa na pengo. Dogo, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Lakini lilionekana.

“Mungu wangu,” Idrissa alisema. “Umeisha kuikata.”

Kwa faida ya mtu aliyelikuta gazeti hili leo likiwa limefungia maandazi, niseme upesi tulikotoka. Mwaka ni 1997, mji ni Likasi. Utawala wa zamani umeanguka mwezi wa tano, na wakubwa wapya wameunda Komisyo ya kuzisaka nyumba na magari yaliyonunuliwa kwa pesa chafu. Mkuu wa Komisyo hapa mjini anaitwa Bertin. Sasa huyu Bibiane ana shemeji, Arsène, aliyeuza kobalti ya wizi kisha akakimbilia Zambia. Komisyo imeandika kwamba Arsène aliiosha pesa ile kwa kujenga nyumba ya matofali ya simenti kule Shituru, karibu na reli, halafu akamweka ndani mjane wa kaka yake awe pazia.

Nyumba ikakamatwa. Bibiane na wanawe watatu wakatolewa nje na magodoro yao, sasa wanalala uani kwa jirani. Amri inampa siku kumi na tano za kukata rufaa, hiyo appel, na kuonyesha nyumba ilitoka wapi. Leo ni siku ya kumi na tano. Saa tisa na nusu alasiri ofisi ya mahakama inafungwa, na nyumba inakwenda kwa kamanda mmoja ambaye mke wake amekwisha kuja kupima madirisha.

Ndiyo maana ya kisu.

“Ulikuwa unatafuta nini mule ndani?” Idrissa aliuliza.

“Plafond,” alisema, akimaanisha dari.

“Plafond gani?”

“Plafond ya nyumba, Papa. Kitenge aliitengeneza na mifuko ya simenti. Pale juu kuko numéro yake.”

Bibiane akaanza kusema mbiombio, maneno yakigongana.

Marehemu mume wake, Kitenge, alikuwa mvunja mawe machimboni upande wa Kakontwe. Mwaka tisini na mbili mishahara ilipokatika, bwana mwenye machimbo akaanza kuwalipa watu wake simenti. Kila mfuko wa mshahara uligongwa muhuri wa zambarau: PAIE, yaani mshahara, namba ya mfanyakazi, mwezi na mwaka. Mfuko usio na muhuri ulihesabiwa wa wizi getini, na mwenye nao alipigwa. Basi Kitenge akajenga kwa mshahara wake, tofali baada ya tofali. Makaratasi ya mifuko akayakung'uta, akayapasua, akayabandika darini kwa uji wa mihogo ili vumbi la bati lisiwaangukie kitandani. Mihuri akaielekeza chini. Alipenda kuiona namba yake.

Alikufa miaka miwili iliyopita, kifua kimejaa vumbi la mawe.

“Siku kumi na ine!” Idrissa alifoka, kisha akakumbuka majirani na kushusha sauti. “Siku kumi na ine ninakuuliza: mama, iko na karatasi? Unasema hapana. Na ku PV ya Bertin ukasign: ‘hatuna karatasi hata moja’!”

“Ile haiko karatasi, Papa Idrissa. Ni plafond.”

Usicheke, msomaji. Kwa Bibiane karatasi ni kitu kinachokaa katika valise chini ya kitanda: ubatizo, ndoa, kitabu cha kazi. Valise ile mchwa waliimaliza. Walipoandika ile PV, taarifa yao rasmi, na kumuuliza kama ana karatasi, alijibu kweli tupu. Nani kati yetu, akiulizwa ana hati gani, huinua macho kulitazama dari?

Alikumbuka asubuhi hii tu, alipoamka uani kwa jirani na kuangalia bati tupu la jikoni. Akayakosa maneno aliyozoea kuyasoma kila siku kabla ya kushuka kitandani, yaliyochapwa kiwandani juu ya kila mfuko: CRAINT L'HUMIDITÉ. Kifaransa chake chote Bibiane alikipata pale darini, amelala chali. Kitenge ndiye aliyemfundisha, akionyesha kwa kidole: “Humide ni kintu yenye iko na maji. Simenti inaogopa maji, njo inasema vile.”

Idrissa aliikaza tai yake. Macho yalikuwa yameanza kung'aa.

“Descente,” alisema. “Tutamulomba juge akuye mwenyewe kuangalia nyumba. Yeye iko na haki ya kukata scellés. Twende, mama. Mbio!”

“Na hii kidonda?”

Wakatazama tena lile pengo katika nta.

“Omba wasiione,” alisema Idrissa, akakiokota kisu na kukificha ndani ya koti.

Kwa miguu kutoka Shituru hadi mahakamani ni mwendo wa kutosha kumtoa mtu roho. Kila askari waliyempita, Bibiane alihisi anajua. Mara mbili alitaka kurudi. Mara mbili Idrissa alimvuta mkono.

Jaji aliitwa Laure. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja. Pembeni yake alikaa karani Camille, mtu mkavu asiyemtazama mtu usoni. Camille ndiye aliyemrudisha Bibiane mara tatu wiki ile kwa neno moja: “Kesho.” Bibiane alimchukia kuliko Bertin.

Jaji Laure alisoma ombi. Akafungua faili.

“Madame Bibiane, hapa iko signature yenu. ‘Hatuna karatasi hata moja.’ Leo karatasi imetoka wapi?”

Idrissa akataka kumsemea.

“Nimeuliza mama,” alisema jaji.

“Madame le Juge... minye sikujua kama plafond inaweza kusema ku tribunal.”

Camille aliacha kuandika. Jaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Na tukikuta ile mihuri haiko?”

“Basi munifunge.”

“Mama!” Idrissa alinong'ona.

Jaji akagonga muhuri wake. “Descente, leo, saa nane. Camille, peleka convocation ku Komisyo.”

Furaha ilimshika Bibiane, ikamwacha hapohapo. Ku Komisyo?

“Madame le Juge,” Idrissa alisema kwa unyenyekevu, “haingekuwa muzuri Bertin ajulishwe palepale, ku mulango?”

“Maître Idrissa.” Alijua kwamba Idrissa si Maître, si wakili wa kusomea, na alijua anavyolipenda jina hilo. “Miaka makumi mbili mu hii tribunal, na hauyajua bado? Ule mwenye kukamata nyumba ajue, na ule mwenye kuikatalia ajue. Sawasawa. Ao hamutaki haki?”

Ungejibu nini? Ilikuwa haki kamili. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasorobo, na haki kamili ilikuwa imempa Bertin zaidi ya saa tatu za kujitayarisha.

“Minarudi ku nyumba,” alisema Bibiane walipotoka nje. “Nitaketi pale ku mulango.”

“Wapi! Wakikuta uko peke yako karibu ya scellés, na ile kidonda iko pale? Utabakia hapa, mbele ya macho ya bantu.”

Wakabaki. Benchi la mahakama lile, ndugu zangu, ni gumu kwa mwenye amani, sembuse kwa aliyeacha dari lake peke yake. Bibiane alihesabu vigae vya sakafu. Alisali rozari nzima bila kujua amefika fumbo gani.

Saa saba, Bertin akaja mwenyewe.

Shati jeupe, viatu vinang'aa. Akaketi benchini karibu naye, kwa adabu, mithili ya mtu aliyekuja kutoa pole msibani.

“Mama Bibiane. Plafond, hein?”

Bibiane alirudi kuhesabu vigae vyake.

“Minye haniko na chuki na weye. Futa ile appel. Nitakutafutia chumba moja ku camp, na batoto hawatalala inje. Na utaniambia kidogo Arsène iko wapi kule Zambia. Bon?”

“Sijue Arsène iko wapi. Na nyumba ni ya Kitenge.”

“Kama ni ya Kitenge, basi muzuri. Tutaitazama pamoja.”

Kilichomtisha Bibiane hakikuwa maneno. Kilikuwa ule utulivu. Mtu anayekaribia kushindwa huwa na haraka, na huyu alikaa pale akisafisha ukucha kwa njiti ya kiberiti.

Mahakama haikuwa na gari wala petroli. Kwa hiyo wote, jaji, karani, mtetezi na mjane, walipanda jipu la Komisyo. Ndiyo, la Bertin! Askari wawili walikaa nyuma, bunduki magotini, na goti la mmoja liligusana na goti la Bibiane njia nzima.

Barazani, Bibiane aliinamisha kichwa. Hakuthubutu kutazama. Alimsikia Bertin akisema, “Madame le Juge, hakikisha mwenyewe kama scellés ni zima.”

Sasa ndiyo sasa. Alijiona amefungwa, watoto wamegawanywa kwa watu.

“Zima kabisa,” alisema jaji. “Hakuna hata alama.”

Asante Mungu! Hawakuliona! Bibiane akainua macho.

Akaitafuta alama ya kisu.

Pengo halikuwepo. Si kwamba halikuonekana. Halikuwepo kabisa. Lakiri ilikuwa duara, nzima, inang'aa.

Alimgeukia Idrissa. Idrissa naye alikuwa anaikodolea macho nta ile, midomo wazi.

“Kidonda haiko,” Bibiane alinong'ona.

“Ninaona.”

“Ni scellés ya mupya. Muntu ameingia.”

“Nyamaza!”

Alinyamaza, kwa sababu alielewa. Mwenye nta na mhuri ule ni mmoja tu mjini. Amevunja lakiri, ameingia, ametoka, amepiga nyingine. Lakini mjane ataithibitishaje? Kwa kusema: lakiri ya zamani naijua, maana niliikata kwa kisu asubuhi? Angekuwa anajifunga mwenyewe. Mtego ulikuwa na meno pande zote mbili, na upande mmoja aliutega yeye.

Camille akakata utepe. Mlango ukafunguliwa.

Harufu ya nyumba yake ikamjia, sabuni na mkaa wa zamani, na machozi yakamlenga bila ruhusa. Alikwishaamua kwamba dari halipo. Wamelichana, wamelichoma. Akafuata wengine hadi chumbani na kujilazimisha kutazama juu.

Lilikuwepo.

Lote! Kutoka ukuta hadi ukuta, karatasi ya kahawia iliyokunjamana, na mihuri ya zambarau imejipanga katika mwanga wa dirisha. Jaji Laure alipanda juu ya kiti. Akasoma taratibu, kwa sauti:

“Paie. 4417. Mars 93... Paie. 4417. Avril 93... Camille, unaandika?”

“Ninaandika.”

“4417 ni numéro ya bwana yenu?”

“Ni yake, Madame.” Bibiane aliinua mkono wa kushoto. Kitenge aliwahi kumtengenezea bangili kutokana na kibati chake cha kazi, na namba ilikuwa pale, imechakaa, inasomeka.

Jaji aliitazama bangili, akalitazama dari. Sauti yake ikalegea. “Ule muntu alitumika kazi. Kila mwezi, alitumika. Hii nyumba haikujengwa na kobalti ya mutu.”

Idrissa alicheka kwa sauti, peke yake. Bibiane alishika ukuta. Kwa muda wa pumzi chache alikuwa na nyumba.

“Muzuri sana,” alisema Bertin. “Plafond tumeiona kwa chini. Sasa tuione kwa juu.”

Akaonyesha pembe ya chumba, juu ya kitanda. Askari mmoja akainua bunduki na kutoboa karatasi kwa singe.

Kitu kizito kikaanguka juu ya kitanda, kikaruka, kikapasuka sakafuni. Kifurushi cha kitambaa. Mawe meusi, mazito, yakatawanyika hadi kwenye viatu vya jaji.

Hakuna Mlikasi asiyeyajua mawe yale. Kobalti.

“Voilà,” alisema Bertin polepole. “Mihuri ya bwana chini, kobalti ya ndugu yake juu. Andika na ile, karani.”

Mnaona akili ya mtu huyu? Angelichana dari, angejulikana. Aliliacha zima, akaligeuza kuwa shahidi wake.

“Haikukuwa pale!” Bibiane alipiga kelele. “Madame, ninaapa kwa batoto yangu, haikukuwa pale!”

“Wote wanaapa,” alisema Bertin.

Jaji alishuka kitini. Hakumtazama tena Bibiane. Idrissa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, tai imekwenda upande.

Na hapo, kutoka katika ile pembe iliyotobolewa, kipande cha karatasi kilining'inia, kikachanika kwa uzito wake, kikaanguka juu ya mkono wa Bibiane.

Kiling'ang'ania.

Alikivuta. Kikaacha utelezi mweupe kwenye kidole chake. Uji. Alikitazama kidole kile, akili ikimrudia. Uji wa Kitenge ulikuwa na miaka minne, ukiugusa unapukutika unga. Huu ulikuwa uji wa leo. Uji uleule ambao Komisyo ilibandikia matangazo yake mji mzima.

Kumbe kulikuwa na njia ya kusema bila kuitaja lakiri!

“Madame le Juge. Gusa.”

“Nini?”

“Gusa hapa. Ni mubichi. Hii pembe wameibandika leo. Gusa na ile ingine, ya Kitenge, uone kama haiko kavu!”

Bertin aliacha kutabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

“Ni mvua,” alisema. “Bati inavuja.”

“Bati ya Kitenge haivuje! Na mvua haiyanyesha tangu siku ya dimanche!”

Jaji Laure akasogea. Akakigusa kile kidole cha Bibiane kwa kidole chake. Akapanda tena kitini, akaigusa karatasi ya zamani darini, uji ukapukutika, akashuka. Alijua. Bibiane aliona kwamba amejua, na moyo ukamruka kwa furaha.

Jaji akageuka kuwatazama askari wawili. Mmoja alikuwa amesimama katikati ya mlango. Hakuna aliyemwona akifika pale.

“Madame le Juge imechoka,” Bertin alisema kwa upole. “Na njia ya kurudi ni mrefu. Gari ni yetu.”

Jaji akatoa kitambaa chake mfukoni. Akaushika mkono wa Bibiane, akakifuta kile kidole, kwa makini, hadi kikawa safi.

“Camille. Andika,” alisema. “Colle, ule uji, ni kavu pande zote. Hakuna alama ya muntu kuingia.”

“Madame!” Idrissa alisimama.

Askari wa mlangoni akapiga hatua moja. Idrissa akakaa. Sitamlaumu, na wewe usimlaumu mpaka umesimama mbele ya singe.

Bibiane hakulia. Hofu ilikuwa imepita mahali pa machozi. Alisikia tu kalamu ya Camille ikikwaruza, ikikwaruza, na Bertin akienda dirishani kuwasha sigara, mtu aliyemaliza kazi yake. Kupitia dirisha lile ulionekana ua wa jirani, na bintiye mdogo amekaa juu ya godoro.

Jaji Laure alitia saini yake. Camille akamsogezea Bibiane ubao wa kuandikia.

“Signe, mama,” alisema jaji.

Kalamu ilikuwa mkononi. Wiki mbili nyuma alipewa kalamu hivihivi, akaweka jina lake chini ya maneno ya Bertin bila kusoma. Akajiambia: leo sitatia saini kabla ya kuona wanavyoniua.

Akasoma. Maneno mengi hayakumpa kitu. Mwandiko wa Camille ulikuwa mdogo, wa kubana. Alikwenda kwa kidole mstari baada ya mstari, akitafuta neno la kukamata, na karibu na mwisho, juu kidogo ya saini ya jaji, akalipata neno colle. Na baada yake likaja jingine.

Hili alilijua. Alikuwa amelala chini yake miaka minne.

Humide.

Akasoma tena. Humide. Kintu yenye iko na maji.

Akainua macho. Camille alikuwa anafuta kalamu yake ya akiba kwenye suruali, anatazama ukuta kama kawaida yake. Lakini sikio lake lilikuwa limelowa jasho. Bibiane akamtazama jaji. Uso wa Jaji Laure haukusema kitu. Mshipa wa shingo tu ndio uliopiga, haraka, haraka.

Mdomo ulikuwa umesema kavu kwa ajili ya Bertin. Karatasi ilisema mbichi, na saini ya jaji ilikuwa chini yake.

“Signe, mama,” jaji alirudia kwa ukali, “ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Hatuna wakati.”

Bibiane alielewa. Saini yake, kisha karatasi ifike mahakamani, igongwe muhuri kabla ya saa. Basi. Hayo tu. Herufi ya kwanza ikatoka kama ya mtoto wa shule. Akaendelea. Bi. Bibia. Akamaliza.

Dirishani, Bertin alipuliza moshi.

“Attendez,” alisema. “Ngojeni.”

Camille, aliyekwisha kunyoosha mkono kuuchukua ubao, akasita.

“Ule mama amekawia sana kusoma, kwa muntu mwenye hajui kusoma.” Akaizima sigara juu ya simenti ya Kitenge, akavuka chumba bila haraka, akasimama mbele ya Bibiane na kunyoosha mkono wazi.

“Lete ile PV hapa. Minye pia ninataka kuisoma.”

Bibiane aliukumbatia ubao kifuani. Wino wa jina lake ulikuwa bado haujakauka.